Barua ya Usimamizi Si Hati ya Kurithi

Kila mwaka dirisha la Bodi ya Mikopo linapofunguliwa, wenzetu waliofiwa na mzazi huanza safari moja: kutafuta cheti cha kifo na kukipeleka RITA kikahakikiwe. Cheti kinapakiwa kwenye mfumo, mkopo unaombwa, na boom likitoka maisha yanaendelea. Lakini cheti kile kile ndicho mlango wa jambo jingine ambalo wengi wetu hatuligusi kabisa, nalo ni mirathi. Muulize mwenzako, "Mirathi ya mzee ilifunguliwa?" Jibu la kawaida ni, "Mjomba ndiye anajua." Au, "Ba'mdogo alipewa barua na mahakama, kwa hiyo mali ni zake sasa."

Hiyo "kwa hiyo" ndiyo inayopoteza mashamba ya watu. Somo hili lina hoja moja tu: aliyepewa barua ya usimamizi hakupewa mali. Amepewa kazi, na kazi hiyo ina hesabu. Mimi nasomea ualimu, sisomei sheria, kwa hiyo nitaeleza kama tunavyofundishwa kueleza darasani: maneno kwanza, kisha hatua, kisha mfano, na mwisho maswali ya kujipima. Ukikuta jambo la kwenu lina mkanganyiko, sehemu ya msaada iko chini.

Maneno matatu tusiyachanganye

Mrithi ni mwenye haki ya kupata sehemu ya mali ya marehemu. Msimamizi wa mirathi ni mtu aliyeteuliwa na mahakama kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni yake na kugawa kinachobaki kwa warithi. Kama marehemu aliacha wasia na akamtaja mtu wa kuusimamia, huyo ni msimamizi wa wasia, na naye pia huenda mahakamani kuthibitishwa. Mdhamini ni mtu anayeshika mali kwa niaba ya mwingine kwa muda, kwa mfano sehemu ya mtoto ambaye bado hajafikisha miaka 18.

Mtu mmoja anaweza kuwa msimamizi na mrithi kwa wakati mmoja. Mama yako anaweza kuwa vyote viwili, hata wewe unaweza. Ila kofia ni mbili. Akivaa ya msimamizi, ameshika amana. Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa upya maana ya neno hilo, maana minazi ya wakfu imekuwa ikitunzwa hivyo kwa vizazi vingi: anayekwea na kuangua si mwenye mnazi, na mapato yana mahali pake.

Jambo jingine la kushika: sheria haisemi msimamizi lazima awe mwanamume, wala mkubwa kuliko wote, wala mtu wa ukoo fulani. Mahakama hutafuta mtu mwenye maslahi katika mirathi ile, mwaminifu na anayeiweza kazi. Binti wa miaka 22 aliye mwaka wa tatu chuoni anaweza kuteuliwa.

Sheria ipi inafuatwa?

Tanzania Bara haina sheria moja ya kugawa urithi. Kwa sehemu kubwa ziko tatu: sheria za mila, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo tuliirithi kutoka kwa Waingereza na bado inatumika kwa wale ambao mila na sheria ya Kiislamu haziwahusu. Utaratibu wa usimamizi nao uko katika Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, na kwa Mahakama za Mwanzo katika Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu pamoja na kanuni zake za mwaka 1971.

Mahakama inachaguaje? Huangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Mwaka 1969 Mahakama Kuu iliamua mirathi ya Mngoni mmoja msomi aliyekuwa akiishi Dar es Salaam na familia yake, mbali na maisha ya kimila. Mahakama ilisema kabila la mtu peke yake halitoshi kumfunga na mila. Lililotazamwa ni mwenendo wa maisha yake.

Kwetu Mtwara swali hili lina uzito wa pekee. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama. Kwa mila ya zamani, mali ya mwanamume ilielekea kwa watoto wa dada zake, na mjomba alikuwa mtu mkubwa katika maamuzi ya nyumba. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo watu hulinukuu kana kwamba ni la makabila yote, liliandikwa kwa kufuata jamii zinazohesabu ukoo upande wa baba. Hapo hapo familia nyingi za Mikindani, Msimbati, Tangazo na Kilambo ni Waislamu, na zinataka mgawanyo wa Kiislamu. Kwa hiyo msiba mmoja unaweza kuwa na watu watatu wanaozungumza sheria tatu, kila mmoja kwa nia njema kabisa, na wote wakaondoka wamenuniana.

Ndiyo maana swali la kwanza kwenye kikao cha familia lisiwe "nani anachukua nini". Liwe "marehemu aliishi kwa utaratibu upi?" Likijibiwa hilo, ugomvi mwingi unaisha wenyewe.

Hata hivyo kuna mipaka ambayo mila haivuki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Na kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971, mke ana haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Shamba alilonunua mama kwa pesa yake ya samaki haliingii kwenye mirathi ya baba hata kama limepakana na la baba.

Hatua za kufungua mirathi

Kama sheria inayofuatwa ni ya mila au ya Kiislamu, mirathi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi marehemu. Marehemu ambaye mirathi yake inafuata ile sheria ya 1865, shauri lake haliendi huko. Huenda Mahakama ya Wilaya ikiwa mali ni ndogo, au Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake hapa Mtwara.

Kwa Mahakama ya Mwanzo, hatua kwa kifupi ni hizi:

1. Pata cheti cha kifo.
2. Familia ikae, ikubaliane nani aombe usimamizi, na iandike muhtasari wenye majina na saini za waliohudhuria. Kikao hiki si sharti la kisheria, lakini kinamsaidia hakimu kujua kama kuna maelewano.
3. Mwombaji ajaze Fomu Na. 1, ataje warithi wote na mali zinazojulikana. Kumficha mrithi, kwa mfano mtoto wa nje ya ndoa au mke wa Newala ambaye watu wa mjini hawamjui, ni kuharibu shauri tangu siku ya kwanza.
4. Mahakama itoe tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze.
5. Kama hakuna pingamizi, au likisikilizwa na kuamuliwa, msimamizi anapewa barua ya uteuzi, Fomu Na. 4.

Hapo ndipo watu wengi hudhani kazi imekwisha. Wanapika pilau, wanapiga picha na barua. Kumbe ndiyo kwanza kazi imeanza.

Fomu Na. 5 na Na. 6: mahali mali inapookolewa

Kanuni zinamtaka msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo awasilishe mahakamani, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni ya marehemu. Hiyo ni Fomu Na. 5. Mahakama inaweza kumwongezea muda akiomba. Baada ya hapo hupeleka hesabu za mapato na matumizi kwa Fomu Na. 6, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Kwa mirathi zilizofunguliwa Mahakama Kuu muda ni tofauti: orodha ndani ya miezi sita, hesabu ndani ya mwaka mmoja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee mmoja wa kijiji cha kando ya Ruvuma amefariki mwezi wa nane, mikorosho inakaribia kuzaa. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wazazi wake walishatangulia. Msimamizi anavuna korosho za msimu huo, anazipeleka chama cha msingi, zinauzwa mnadani. Kilo 960, na baada ya makato ya chama kila kilo imeleta shilingi 2,500. Jumla ni shilingi 2,400,000.

Matumizi: palizi na dawa ya kupulizia 410,000. Deni la marehemu dukani 150,000. Gharama za mazishi zilizokopwa 400,000. Jumla 960,000. Kinachobaki cha kugawa ni 1,440,000.

Kwa sheria ya Kiislamu, mke anapata moja ya nane kwa kuwa kuna watoto: 180,000. Zinabaki 1,260,000 kwa watoto, wa kiume akihesabiwa mafungu mawili na wa kike fungu moja moja. Mafungu ni manne, kila fungu 315,000. Kijana anapata 630,000, kila binti 315,000.

Kwa Sheria ya Urithi ya India, mjane anapata theluthi moja: 480,000. Watoto wanagawana theluthi mbili sawa kwa sawa, 960,000 kwa watatu, kila mmoja 320,000.

Angalia vizuri mfano huu. Watu wanabishana sana juu ya mafungu, nani moja ya nane na nani theluthi. Lakini kwenye sheria zote mbili hesabu ilianzia namba moja, yaani 1,440,000. Msimamizi akiandika kwamba zilipatikana kilo 400 tu, mjane na watoto wanaumia kwa sheria yoyote ile, hata mgawanyo wenyewe ukifanywa kwa haki na shehe au hakimu akiwa amesimama pale. Wizi wa mirathi mara nyingi hufanyika juu, kwenye orodha, kabla ya kufika kwenye mafungu.

Ndiyo maana njia ya kuuzia ni sehemu ya usimamizi. Korosho zikipitia chama cha msingi kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, zinaacha karatasi: kilo ngapi, mnada upi, bei gani, malipo yameingia wapi. Zikiuzwa kangomba usiku, kwa kipimo cha kopo na pesa mkononi, mbali na kuwa ni kinyume cha sheria na bei ni ya hasara, hakuna ushahidi wowote wa kuweka kwenye Fomu Na. 6. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msimamizi mwaminifu naye anahitaji daftari, pengine kuliko mwingine yeyote, maana siku akituhumiwa, daftari ndilo litakalomtetea.

Msimamizi akitumia vibaya mali au akasababisha hasara, anaweza kuamriwa kuifidia kutoka mfukoni mwake. Mahakama pia inaweza kumwondoa kwa sababu ya msingi na kuteua mwingine. Haya yote huanza kwa mrithi kuuliza. Mahakama haina mtu wa kuzunguka vijijini kuhesabu mikorosho.

Mali ya mtoto mdogo

Tuseme kati ya mabinti wale wawili mmoja ana miaka 11. Sehemu yake hapewi mkononi, wala haigeuki kuwa "mchango wa kumlea" usio na hesabu. Inashikwa na mtu mzima kwa niaba yake mpaka afikishe miaka 18, na anayeishika anatakiwa kuitumia kwa faida ya mtoto: ada, matibabu, sare, mtaji wa kuendeleza shamba lake. Njia salama ni kufungua akaunti inayoeleweka ni ya nani na kutunza risiti.

Hapa tunaosoma ualimu tunahusika moja kwa moja. Ukiwa BTP utakutana na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeacha kuja shule kwa kukosa daftari na nauli, na huku baba yake aliacha mikorosho inayovunwa kila msimu. Mwalimu asiyejua atamwandika mtoro. Anayejua atamuuliza taratibu, kisha atamshirikisha ofisa ustawi wa jamii.

Msaada uko wapi

Wa kwanza ni karani wa mahakama husika. Mrithi anaweza kwenda, kutaja jina la marehemu na namba ya shauri, na kuomba kujua faili limefikia wapi: Fomu Na. 5 imewasilishwa? Mirathi imefungwa?

Wa pili ni RITA. Jina lake kamili ni Wakala wa Usajili Ufilisi na Udhamini, na neno hilo la mwisho tunalisahau. Mbali na vyeti, ofisi hii ndiyo ya Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye anaweza kusimamia mirathi pale ambapo hakuna wa kuisimamia au ndugu wameshindwana. RITA pia huandika na kutunza wasia, na husajili bodi za wadhamini wa misikiti, makanisa na taasisi.

Wa tatu ni wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hawa wanaelimisha, wanasaidia kujaza nyaraka na kupatanisha. Si mawakili, hawasimami mahakamani kwa niaba yako, na huduma yao hailipiwi. Ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri itakuelekeza waliosajiliwa. Serikali nayo ilianzisha mwaka 2023 Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, inayopeleka wanasheria kwa wananchi bila malipo, na mirathi ni moja ya mambo wanayoshughulikia. Shauri likiwa zito, mtafute wakili. Ukiwa huna uwezo, omba mtoa msaada wa kisheria akuunganishe naye.

Kwa wale wenye ndugu ng'ambo ya Ruvuma: barua iliyotolewa na mahakama ya Tanzania haikufanyi msimamizi wa shamba lililoko Palma. Ardhi ya Msumbiji inafuata taratibu za Msumbiji. Itajeni kwenye kikao, lakini mjue ni safari nyingine.

Namna ya kuuliza bila kuvunja undugu

Hili ndilo gumu kuliko fomu zote. Kwa malezi yetu, mtoto kumuuliza mjomba au baba mdogo habari za mali ya marehemu huonekana ni utovu wa adabu. Wengine huambiwa, "Elimu imekupanda kichwani." Lakini kuuliza hesabu si kumwita mtu mwizi. Anza na unachohitaji, usianze na tuhuma. Kwa mfano:

"Shikamoo mjomba. Naomba unisaidie namba ya shauri la mirathi ya baba, nataka kuweka kumbukumbu. Na kama ile orodha ya mali ilishapelekwa, naomba nakala. Kama bado, niko tayari kukusaidia kuiandika."

Sentensi ya mwisho ina nguvu yake. Wasimamizi wengi hawajapeleka Fomu Na. 5 kwa sababu hawakuambiwa, au kalamu ni nzito kwao. Mtoto wa chuo anayekaa na mjomba wake jioni moja wakaandika mikorosho mingapi, minazi mingapi, mtumbwi, pesa ya chama na madeni, anaweza kuwa ameokoa mirathi na undugu kwa pamoja. Ukijibiwa kwa ukali mara ya kwanza, mwendee bibi au mzee anayeheshimiwa na wote. Ikishindikana, barua fupi kwa hakimu kuomba msimamizi aitwe kutoa hesabu ni haki yako, wala haikuondolei heshima.

Na wasia?

Kuandika wasia si uchuro. Ni kuwapunguzia unaowapenda miaka ya kukwaruzana. Kwa Sheria ya Urithi ya India wasia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili. Kwa Tamko la 1963, mwenye kujua kusoma na kuandika anahitaji wawili, asiyejua anahitaji wanne, na wa mdomo pia wanne. Kwa Muislamu wasia hauvuki theluthi ya mali, na kwa kawaida hautolewi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi. Likizo ijayo unaweza kuwauliza wazazi, kwa upole, kama wana lolote waliloandika na limewekwa wapi.

Maswali ya kujipima

1. Baba mdogo ana Fomu Na. 4 mkononi na anataka kuuza shamba ili ajenge kwake. Kofia gani amevaa, na gani ameisahau?
2. Katika mfano wetu, kama deni la dukani lingekuwa 390,000, kila mrithi angepata kiasi gani kwa sheria zote mbili?
3. Andaa somo la dakika 40 la sehemu kwa kidato cha kwanza ukitumia mirathi badala ya chungwa lililokatwa vipande vinne.

Swali la tatu nalipendekeza hasa kwa wenzangu wa hisabati. Watoto wa huku wameshaona mali ikigawanywa, mara nyingi bila kuelewa kilichofanyika. Wakijua moja ya nane ni ngapi, na ni moja ya nane ya kitu gani, itakuwa vigumu kuwadhulumu watakapokuwa wakubwa.